Emu Kubwa, Emu Ndogo

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, Coventry,
kituo cha basi cha Foleshill Road.
Mashavu amevua glavu moja kwa meno
anaandika jina lake kwenye simu mpya.
Simu, kwa adabu zake za kiwandani,
inainua herufi ya kwanza bila kuulizwa:
Mashavu.
Na mfumo wetu, nilioujenga mimi,
unamjibu: Hatuna mtu wa jina hilo.

Miaka mitatu anawaogesha wazee wa mji huu,
anajua nani hunywa chai bila sukari
na nani hulia akivalishwa soksi.
Leo hana zamu, hajui aanzie nyumba ipi,
kwa kuwa mwaka jana alijisajili kwa emu ndogo.

Alinipigia. Hakunitukana, na ningestahili.
Alisema tu, "Mwanangu, hebu niite."
Nikamwita: Mashavu.
"Haya. Hapo umeniita kwa emu ipi?"

Nilikaa na swali hilo hadi chai ikaota utando.
Nyanya yangu aliandika barua kwa hati ya Kiarabu,
wino wa bluu, kutoka kulia,
na alifu yake ilisimama kimo kile kile
kwa jina la kadhi na la muuza mkaa.
Mimi ndiye niliyefundishwa, kwa fimbo,
kwamba jina huanza na kisigino.
Na mashine haijui hata kisigino:
kwake emu kubwa ni sabini na saba,
ndogo ni mia na tisa,
majirani wasiosalimiana.

Basi nikaandika mstari mmoja:
yeyote ajaye mlangoni, kabla hujamtafuta,
lishushe jina lake liwe dogo,
na lile lililomo daftarini lishushe pia,
ndipo uyaweke bega kwa bega.
Mstari mmoja. Nikajipongeza.

Işıl wa meza ya pili, mzaliwa wa Izmir, akachungulia:
"Kwetu i ziko mbili, yenye nukta na isiyo nayo.
Ukishusha hovyo, utanipa jina la mtu mwingine."
Nikafuta. Nikaandika tena.

Halafu nikaiomba hifadhidata isikubali pacha,
ikanitemea majina kumi na manne.

Hamdu na hamdu: watu wawili,
mmoja wa Wete, mmoja wa Kismayu,
waliotenganishwa mwaka mzima na kimo cha herufi.
Wa Kismayu akacheka kwenye simu:
"Mwachie yeye. Mimi niongezee mbili nyuma,
hata nyumbani nilizaliwa wa pili."

Senkondo na senkondo: simu moja,
tarehe moja ya kuzaliwa.
Novemba alikataliwa mlangoni, akajisajili upya,
na saa thelathini na moja za usiku
zikabaki zimelala kwenye esi kubwa, hazijalipwa.
Kwa nini hukusema?
"Nilidhani ndivyo nchi hii ilivyo," akasema,
"kila mlango unakutaka uwe mtu mwingine."

Sikuwa na mstari wa kuandika hapo.
Nilizihesabu saa zake kwa mkono, mara mbili,
nikazipeleka mwenyewe kwa mhasibu.

Nenosiri nimeliacha lilivyo: ufunguo ni meno yake.
Wala jina sikuligusa pale linapoonekana.
Hushushwa wakati wa kutafutwa tu,
kama mtu anavyoinama apite mlango mfupi,
kisha akasimama wima upande wa ndani.

Jumatatu, kasorobo ile ile, nilikuwa macho
nikitazama kumbukumbu za seva zikishuka.
Mashavu, kwa emu kubwa. Amepita.
Dakika tatu baadaye, sijui kwa nini,
labda ni glavu, labda ni baridi,
labda alitaka tu kuujaribu mlango:
MASHAVU.
Akapita tena.